Moto wa Fundi Chini ya Viota Vyangu

Marahaba, wanangu, marahaba. Nimezipokea shikamoo zenu zote, hata ya yule aliyeniandikia kwenye simu "Mambo, bibi" halafu akashtuka akafuta. Niliiona kabla hujafuta. Poa tu.

Mmeniuliza habari ya kupasha viota joto, maana masika yameingia na kuku wenu wanaoatamia wanayakimbia mayai. Mimi kazi nimeshaiacha. Miaka yangu yote ya nguvu niliuza vifaranga na mayai ya kutotolesha, nalea hapa Ilala, napeleka Kariakoo, mpaka magoti yakasema basi. Siku hizi nakaa barazani na miwani yangu, nasoma mnavyobishana kwenye magrupu yenu ya wafugaji. Jamani, mnabishana! Mmoja anasema afunike blanketi, mwingine anasema awashe taa nne, wa tatu kaleta dua. Dua ni nzuri, lakini dua haikaushi maranda.

Najua kuna watakaocheka. Baridi gani ya Dar es Salaam? Mtu wa Makete akisikia tunavyolalamika huku atajishika mbavu. Basi mwacheni acheke, yeye baridi yake ni ya kutetemesha meno. Yetu sisi ni ya maji. Masika yakikaa sawasawa, ukuta unatoka jasho, chumvi inaganda kwenye kopo, kanga unaianika leo na keshokutwa bado ina harufu ya uvundo. Sasa yai limelala katika maranda ya namna hiyo wiki tatu. Litatoka nini humo zaidi ya viza?

Kwa hiyo lishikeni hili kwanza. Kuku anayeatamia ndiye jiko. Tumbo lake lina moto wa kutosha. Kazi yako wewe ni kumfukuzia unyevu chini yake, basi. Kiota kikiwa kikavu na vuguvugu kwa chini, anakaa. Kikiwa na umajimaji, anainuka. Kikiwa cha moto anainuka pia, tena huyo anainuka na matusi. Ingiza mkono, weka mgongo wa kiganja kwenye maranda, usikie kama unavyosikia shavu la mtoto aliyetoka usingizini. Ukisikia kama shavu la mtoto mwenye homa, umezidisha, punguza.

Haya yote sikuyasomea. Nilifundishwa na watu wawili waliokuwa wanagombana kupitia kwenye bati, na mimi nimekaa katikati, nimevaa nguo nyeupe, nafsi imeniinama. Hao ndio ninaotaka kuwaambieni habari zao, maana kila kifaranga niliyemuuza maishani mwangu alipita mikononi mwao kwanza.

Marehemu mume wangu alikuwa muuza kuku Kariakoo. Aliugua kidogo tu, akaenda zake kabla ya masika. Aliniachia binti yetu Mwanaidi, yuko darasa la saba, vyumba viwili vya kupanga hapa Ilala, na uani matembe sita na jogoo mmoja mkorofi. Mimi nikaingia eda. Kwa msioijua, mke aliyefiwa kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, na wanaume wasio maharimu wake hawamwoni. Mwenye neno naye analisemea nyuma ya pazia. Aliyekuja kukaa nami ni Bi Kidawa, shangazi yake marehemu, mwanamke wa maneno makali na mikono laini. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuwakanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua.

Baada ya hitima akaja shemeji yangu Rajabu, mdogo wake marehemu, kutoka Mkuranga. Alikaa koridoni, mimi niko ndani nyuma ya pazia.

"Shemeji," akasema, "mjini hapa utakula nini? Eda ikiisha nakuja kuwachukua, wewe na mtoto. Nyumba ipo, mihogo ipo."

Niseme mapema, Rajabu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya lile ambalo ndugu wa mume anatakiwa afanye. Lakini Mwanaidi alikuwa na mtihani mbele yake, na mimi nimezaliwa Magomeni, nimeolewa Ilala, shamba nalijua kwa kuhadithiwa. Nikamwambia, "Nipe mpaka nitoke eda. Nikikuonyesha kitu cha kutuweka mjini, utatuacha?"

Akafikiri. "Ukinionyesha, mimi sina neno."

Kitu chenyewe kilikuwa kuku sita. Wenzake marehemu pale Kariakoo walikuwa wameniletea salamu kwamba vifaranga wa kienyeji wanatakiwa, hata leo niwalete. Mwanamke aliye ndani hawezi kufungua genge, hawezi kupika maandazi barabarani, lakini kuatamisha kuku anaweza. Nikaweka mayai chini ya matembe wawili, nikasubiri.

Mvua ikaanza. Viota vyangu vilikuwa makasha ya mbao yamekaa chini pembeni ya ua, na ua wenyewe ukawa bwawa. Kuku mmoja akainuka, wa pili akamfuata. Tukajaribu taa ya umeme. Wapangaji wenzetu wakaja juu, mita ilikuwa ya nyumba nzima, na hata hivyo umeme wenyewe ulikuwa unakatika kila saa. Siku zilipotimia, mimi na Bi Kidawa tukapasua yai moja moja. Viza. Viza. Viza. Harufu yake msiniulize. Nikakaa chini palepale kwenye tope nikalia, na sikuwa nalilia mayai peke yake.

Sasa ua wetu upande wa uchochoroni ulizibwa kwa mabati, na nyuma ya mabati hayo kulikuwa na kibanda cha fundi bati. Eliya ndilo jina lake, Mchaga wa Marangu. Alitengeneza ndoo, majiko, vibatari, makarai. Kutwa nzima nyundo, ko-ko-ko, mpaka kichwa kinauma. Siku ile nyundo ikanyamaza, ikaja sauti nzito.

"Mama, poleni. Samahani nasemea ukutani. Hayo ni viza?"

Bi Kidawa akajibu, "Pua unayo, unauliza nini?"

"Kuku wenu wanalala kama wageni waliokosa mwenyeji," akasema yule fundi. "Kwetu mlimani kuku analala ndani na watu, karibu na moto. Niachieni mimi."

Ndugu zangu, fundi Eliya alikuwa na roho ya dhahabu, lakini alileta akili ya Marangu Ilala. Kesho yake alikwenda Mchikichini kwenye mitumba, akanunua majaketi mazito ya baridi, yale yanayovaliwa huko kwenye barafu. Akayapitisha juu ya bati, akamwelekeza Bi Kidawa jinsi ya kuyapigilia ndani ya viota. Siku mbili za kwanza kuku walikaa kama mabibi harusi. Baada ya hapo majaketi yakanywa unyevu wote wa jiji hili, yakavimba, yakavunda, na ndani yake ukaingia utitiri, vile vidudu vya kuku visivyoonekana ila kwa kuwasha. Bi Kidawa alitoka uani anajikuna kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo.

"Wewe Mchaga!" akapiga kelele. "Umeniletea utitiri wa Ulaya!"

Kule nyuma ya bati nikamsikia anacheka kwa kujizuia, na mimi nikacheka. Tangu nifiwe ilikuwa mara yangu ya kwanza. Hicho nacho ninamshukuru.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, nami naomba mnisikilize, maana somo lenyewe limo humo. Fundi akasema dawa ni moto chini ya kiota. Bi Kidawa akasema moto utawapika kuku. Fundi akasema moto kidogo. Bi Kidawa akamwambia, "Moto hauna udogo, baba, moto una kulala na kuamka. Mimi nimewatia moto wazazi chini ya vitanda vya kamba tangu hujazaliwa. Makaa yakishaiva mpaka yamepiga weupe, unayafukia kwa majivu. Hayo hayatoi moshi, hayachomi, yanapumua taratibu mpaka asubuhi. Umewahi kuona mzazi wangu ameungua?"

"Mama, sijawahi kuona mzazi wako yeyote," akasema fundi, kwa adabu kabisa.

Kutokana na ubishi huo kikatoka kitu ambacho hakuna ambaye angekitoa peke yake. Fundi alitoboa mabati ya ua, viota vyote vikanyanyuliwa kutoka chini na kuegemezwa pale kwenye matundu. Mlango wa kuku ukabaki kwetu uani. Chini ya kila kiota akatia droo ya bati, inavutwa kutoka kwake uchochoroni, ina matundu upande wa nje ili hewa ya mkaa itokee huko huko. Sakafu ya kiota akaifanya ya bati, juu yake tukamwaga mchanga mkavu, juu ya mchanga maranda. Mchanga ndio unaogawa joto. Bila mchanga bati linakuwa kikaango. Na hiyo hewa ya mkaa msiifanyie mzaha hata siku moja. Inaua kuku na inaua watu, haina harufu ya kukuonya. Atakayefungia jiko la mkaa ndani ya banda, au akalala nalo chumbani pamoja na vifaranga, asiseme Bibi Rukia alimfundisha.

Moto wenyewe ulitoka wapi? Fundi bati hawezi kulehemu bila jiko. Kutwa nzima la kwake linawaka anapashia chuma, na jioni akifunga makaa yaliyobaki yalikuwa yanamwagwa tu. Basi akawa hayamwagi. Jioni anavuta droo, anatia makaa, anafukia majivu. Asubuhi akifungua anafanya tena. Nilikuwa nasikia bati linakwaruza, halafu ile sauti, "Hodi ya moto!"

Nami najibu kutoka ndani, "Karibu, moto."

Maneno yetu yalikuwa hayo tu. Hakuniuliza nimefiwa vipi, hakuniuliza nitamlipa nini, hakuchungulia kwenye tundu hata mara moja. Mtu asiyekuona wala kukujua, asubuhi na jioni anakutilia moto chini ya riziki yako. Niambieni, huyo mtamweka wapi?

Kuku wakatulia. Tukajiandaa kuatamisha wote sita kwa mpigo, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sijapata kuona mfugaji mwingine akilifanya. Kwanza wingi wa mayai. Kuku hukumbatia yale yanayoingia chini ya mabawa yake, yakizidi mengine yanapigwa na ubaridi. Bi Kidawa akasema, "Ongeza, Rukia, moto si upo?" Nikaongeza. Kila kuku nikampa mayai zaidi ya mabawa yake, kwa kutegemea droo za fundi. Mtaka yote hukosa yote, nilikuwa naijua methali hiyo, nikaipita kama sijaiona.

La pili ni siku. Kuku anayeanza kuatamia hataki makelele, na siku pekee ambayo nyundo ya fundi ilikuwa hailii ni Jumapili. Tukasema vizuri, tuwaweke Jumapili, uchochoro umetulia. Sasa hesabuni wenyewe. Yai la kuku ni wiki tatu. Wiki tatu kutoka Jumapili ni lini? Mimi mke wa muuza kuku sikuhesabu. Bi Kidawa aliyehesabu mimba za nusu ya Ilala hakuhesabu. Fundi naye hakuhesabu. Jumapili mbili za katikati fundi hakuja kutia moto, lakini jua liliwaka, hatukushtuka. Ile ya tatu ikawa Jumapili ya Pasaka.

Jumamosi jioni fundi alitia moto wake kama kawaida. "Mama, kesho sikukuu, tutaonana Jumanne," akasema.

"Sikukuu njema, fundi," nikamjibu, kwa raha zangu zote.

Asubuhi niliamshwa na mvua. Si manyunyu, mvua ile ya kumwaga kwa ndoo. Bi Kidawa akaingiza mkono kwenye kiota cha kwanza akautoa haraka, akanitazama. "Yamedonolewa," akasema. Vifaranga walikuwa wanatoboa maganda. Halafu akasema, "Na chini kumepoa."

Hapo ndipo akili ikanirudi. Mayai mengi kuliko mabawa. Vifaranga wanatoka wamelowa tepetepe, na kifaranga aliyelowa akikosa joto kavu saa zake za mwanzo haoni jioni. Tukakimbilia jiko letu. Gunia la mkaa lilikuwa limekaa kwenye maji uani, mkaa unavuja. Mwanaidi yuko Magomeni kwa dada yangu tangu jana. Bi Kidawa miguu yake haiwezi utelezi. Wapangaji wenzetu wameondoka kwa sikukuu, fundi anakaa mbali, na simu wakati ule haikuwa kitu cha kila mtu.

Kifaranga wa kwanza akatoka, akaanguka pembeni ya mama yake, hakuna bawa la kumfunika. Akalia kile kilio chembamba kinachopungua pungua. Mnaofuga mnakijua. Nikachukua baibui langu.

"Unakwenda wapi?" Bi Kidawa akaniuliza.

"Kuomba moto."

"Ukitoka utasemwa mpaka na wajukuu wa majirani."

"Nisipotoka nitakwenda Mkuranga, shangazi!"

Macho yake yalijaa machozi, na Bi Kidawa sijawahi kumwona analia, hata msibani. Mimi nimeshafika kwenye pazia, mkono uko kwenye kitambaa, tukasikia mlango wa mbele.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Rajabu. Amelowa, mwavuli umepinduka, kanzu nyeupe imemganda miguuni. Nikarudi nyuma haraka, Bi Kidawa akatoka koridoni.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja na neno la shemeji. Gari limepatikana, mtu wangu ana pikapu, wiki hii hii..."

"Marahaba. Neno baadaye. Lete moto."

"Moto?"

"Moto, Rajabu! Hujui moto? Chukua karai hilo."

"Shangazi, nimevaa kanzu."

"Kanzu inafuliwa. Nenda kwa hao wenye sikukuu, leo majiko yao hayazimi. Waambie wakugawie makaa. Toka!"

Shangazi ni shangazi, hata mtu akiwa na ndevu. Rajabu akachukua karai, akafunika kwa bati, akaenda. Alirudi anahema kupitia uchochoroni, tukamsikia nyuma ya mabati, na Bi Kidawa akawa anamwelekeza kwa kelele kushinda mvua.

"Vuta droo! Makaa kwanza!"

"Nimetia!"

"Majivu juu! Juu, Rajabu, siyo pembeni!"

"Yananirukia machoni!"

"Funga macho!"

Mara ya kwanza alirudi analalamika. Mara ya pili alirudi anacheka. "Shangazi, wananiuliza unamwombea nani moto, nikasema namwombea kuku. Wakanipa makaa, wakanipa na sahani ya pilau." Pilau akaiacha pale kwenye meza ya fundi iliyokaa nje, akaenda tena. Nyumba ya Mmachame, nyumba ya Mpare, nyumba ya mama mmoja Mhaya aliyemkabidhi jiko zima na makaa yake na kumwambia alirudishe akimaliza. Mlango hadi mlango, kanzu imekuwa ya kijivu mpaka kiunoni. Ile sikukuu iliyofunga kibanda cha fundi ndiyo iliyotuwashia majiko ya mtaa mzima. Mungu awape kheri wote, wengine hata majina yao sikuyajua.

Baadaye vifaranga wakawa wengi. Wale dhaifu Bi Kidawa akawakusanya ndani ya ungo wenye kitambaa, akampelekea Rajabu koridoni awakaushe karibu na lile jiko la Mhaya, mlango wa mbele ukiwa wazi. Mimi nyuma ya pazia nasikia kila kitu. Kulikuwa na mmoja asiyeinua kichwa. Nikamsikia shemeji yangu, mtu mzima, mkulima mwenye mikono kama majembe, anamsemesha kwa sauti ya chini.

"Kaa hapa tumboni. Kaa. Usinifie mimi, watasema nimekuua. Ehe. Pumua, bwana mdogo."

Alikuwa amemtia ndani ya fulana yake.

Naruka mbele kidogo hapa, maana mtaniuliza habari ya fundi. Jumanne alipofungua na kusikia yaliyotokea, nikamsikia anaweka nyundo chini. Halafu akasema, "Mama, kumbe wiki tatu zinarudi siku ile ile." Akacheka, akakasirika, akauliza mbona hatukumtafuta, hata kanisani wangemwita angetoka. Tangu hapo sikuatamisha Jumapili tena, nilikuwa naatamisha Jumanne, siku ambayo jiko la fundi haliwezi kukosa. Nanyi fanyeni hivyo. Kabla hujaweka yai, jiulize siku ile ile ya juma moto wako utakuwa wapi, na umeme wako, na gesi yako, na wewe mwenyewe utakuwa wapi. Mashine zenu za kutotolesha nazipenda, mimi si wale wazee wa kusema zamani ndiyo kulikuwa kuzuri. Zamani kulikuwa na viza. Lakini mashine nayo ina Jumapili yake.

Nilipotoka eda, kitu cha kwanza baada ya dua nilizunguka uchochoroni nikamshukuru uso kwa uso. Mfupi! Sauti nzito yote ile ilikuwa ya mtu anayenifikia begani. Tukacheka wote wawili. Tukafanya kazi pamoja kupitia bati lile miaka mingi, yeye anatengeneza viota vya droo, mimi nawaeleza wateja wa kuanzia Lushoto mpaka Njombe namna ya kuvitumia, mpaka akazeeka akarudi kwao mlimani. Bi Kidawa tulimzika Mkuranga, na aliyeshika jeneza mbele alikuwa Rajabu.

Haya, turudi kwenye ile Jumapili. Mvua ilikatika alasiri. Kwenye viota kumetulia, kuku wamejaza mabawa, chini kuko vuguvugu. Tulipoteza wachache, sitawadanganya, lakini wengi walikauka, wakawa manyoya. Jinsi ya kujua joto limetosha ni kuwasikiliza. Wakirundikana na kulia kwa sauti ya juu, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kupanua midomo, wanaungua. Jioni ile walikuwa wametawanyika wanaongea taratibu, kila mmoja na la kwake. Nilikaa nyuma ya pazia nawasikiliza, nasema alhamdulillah bila kuacha.

Rajabu alikuwa bado koridoni, kanzu imeharibika, ungo uko magotini. Bi Kidawa akamletea chai, akakaa mbele yake.

"Haya, Rajabu. Ulikuja na neno. Sema."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Nikashika pazia kwa mikono miwili.

"Nilikuja na habari ya gari," akasema.

"Ehe."

"Lile gari..." Akakohoa. Yule kifaranga wa tumboni akalia ndani ya fulana yake, sauti ya mwenye njaa. "Shemeji," akaniita kupitia pazia, "hawa wanakula nini?"

"Chenga za mchele," nikasema. "Na pumba laini. Na maji safi."

"Pumba zinapatikana Kariakoo?"

"Zinapatikana."

"Basi," akasema.

Gari lilikuja wiki ile ile. Lilishusha magunia ya pumba mlangoni kwangu, likarudi Mkuranga tupu.